Joka la Kikombe cha Mkwe

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Anayewamba ngoma hushika ngozi mbichi kwa mikono miwili, na hata awe mcha Mungu wa kupigiwa mfano, mikono hiyo itaivuta ngozi upande alikosimama yeye. Wala hafanyi hivyo kwa ubaya; ndivyo mikono ilivyoumbwa. Wako wanaodai kwamba methali hii iliwalenga mahakimu na wanasiasa peke yao. Hao bila shaka hawajawahi kuketi katika kikao cha mahari, na ingekuwa vyema wakasoma habari za Kalombo na kikombe chake.

Kalombo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kolwezi, katika miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre na kila mtu mzima akaitwa raia kabla ya kuitwa kwa jina lake. Alikuwa kijana mpole, mwenye mikono iliyojaa alama za cheche na moyo uliojaa Bilonda. Bilonda alikuwa binti wa mzee Kalala, mstaafu wa migodi aliyeishi Dilala katika nyumba za zamani za kampuni, zile za matofali zilizopangwa kwa mistari na kufanana mno hata mgeni akabisha hodi kwa jirani na kula kabla hajagundua. Vijana hao wawili walikuwa chanda na pete, na mtaa mzima ulijua. Kilichobaki ni wazee kujua rasmi.

Sasa, Kalombo alikuwa amepata kazi nzuri Kisenge, kwenye machimbo ya manganizi. Fundi mwenye mke alipewa huko nyumba yenye bustani. Kapera alipewa kitanda katika bweni, pamoja na makapera wengine na kunguni wao. Treni ilikuwa inaondoka Jumatatu. Kikao cha mahari kilipangwa Jumamosi alasiri, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kuzibua mitaro ambayo raia wote waliifanya kwa furaha, kwa kuwa kutofurahi kulikuwa na adhabu yake. Wazee wakipatana siku hiyo, Bilonda angepanda treni pamoja na mumewe. Wasipopatana, Kalombo angekwenda peke yake, na ilijulikana wazi kwamba Mbayo, kaka mkubwa wa mzee Kalala na kiongozi wa Chama katika mtaa, alikuwa na mposaji mwingine mfukoni. Huyo alikuwa mwanachama mwenzake, mtu mnene mwenye pikipiki. Kalombo alipoiwaza ile pikipiki, usingizi ulimpaa.

Baba yake Kalombo alikuwa amefariki, kwa hiyo msemaji wa upande wake alikuwa baba yake mdogo, Tshilombo. Mzee huyu alikuwa mwepesi wa ulimi. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na kama maji hayo, hayakuchagua pa kumwagikia. Lakini mjini Kolwezi hapakuwa na ndugu mwingine wa kumtuma, na asiye na ng'ombe hukamua mbuzi.

Ukoo wa mzee Kalala ulikuwa wa Kasai, nao, kama koo nyingi zilizoletwa kusini kwa ajili ya migodi, ulizishika desturi zake kwa nguvu kuliko hata wale waliobaki kwao. Desturi mojawapo ilihusu kikombe. Mposaji huleta kikombe kipya, hukijaza kinywaji mbele ya baba wa msichana, na kikombe hicho hubaki nyumbani kwa mkwe siku zote. Baba hagusi kinywaji mpaka binti aitwe na kuulizwa kama wanywe au wasinywe. Akisema wanywe, ndoa imekuwa. Msemaji wa mposaji naye ana haki yake, kwani ndiye anayemalizia kinachobaki baba mkwe akishatosheka. Haya yote Tshilombo alikuwa ameelezwa na mzee Kalala mwenyewe. Hata hivyo sikio lake lilishika zaidi lile la mwisho, na palepale akaamua moyoni kwamba kikombe cha Kalombo kitakuwa kikubwa.

Sokoni hakukiona. Vikombe vya bati vilikuwa vidogo, vya plastiki vilikuwa vya aibu. Akaishia dukani kwa Kasimu, mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pande za Kasongo, na ambaye lori lake lilipanda mpaka Musumba kuleta muhogo na karanga. Mwaka ule Wazungu wengi walikuwa wakifunga virago, na Kasimu alinunua walivyoshindwa kubeba. Nyuma ya duka kulikuwa na mapazia, viti vya kuzunguka, na piano iliyobakiwa na meno machache. Kutoka chini ya mapazia Kasimu akachomoa kikombe cha kauri, kizito, kirefu, chenye kutosha chupa nzima ya bia na povu lake.

Kikombe hicho hakikuwa peke yake. Kilizungukwa na mnyama wa kijani, aliyefinyangwa kwa udongo uleule na kujiviringisha toka chini hadi juu. Mwili wake ulikuwa wa nyoka mwenye magamba, lakini alikuwa na miguu yenye kucha, na mabawa yaliyokunjwa mgongoni. Mkia wake ulipinda ukawa mkono wa kukishikia kikombe, na kichwa kilichungulia juu ya ukingo, mdomo wazi, na ulimi wa moto mwekundu ukimtoka. Anayekunywa alilazimika kutazamana naye uso kwa uso.

Tshilombo akauliza ni kitu gani. Kasimu hakujua hata chembe, lakini mwenye duka akijibu sijui, mnunuzi huenda kwa jirani. Kwa hiyo alieleza bila kupepesa jicho kwamba hilo ni joka, kwamba kule linakotoka ndilo mlinzi wa hazina, kwamba wafalme hawakubali kunywa katika kitu kingine, na kwamba bibi harusi aliyeposwa kwa kikombe cha namna ile huzaa mapacha. Tshilombo hakuwajali wafalme wala mapacha. Alitaka kujua kama kweli chupa nzima inaingia. Kasimu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuonja bia, akamwapia kwamba inaingia na nafasi inabaki. Wakapatana.

Nyumbani, Kalombo alipokitoa kikombe kwenye magazeti kilimofungwa, alisimama akakitazama kwa muda mrefu. Hakuona nyoka wala hazina. Aliona kiumbe mwenye kutoa moto mdomoni, na kwa kuwa yeye mwenyewe alishinda kutwa akishika moto wa kuyeyusha chuma, alitabasamu.

"Tata," akamwambia baba yake mdogo, "hii nyama ni sudeur kama mi, fundi ya kuchomelea."

Msomaji mwerevu ameshaona kwamba ngozi imeanza kuvutwa, na bado hata ngoma yenyewe haijafika kikaoni.

Liko jambo moja ambalo Tshilombo hakulisikia, ama kwa sababu hakuelezwa, ama kwa sababu alipoelezwa alikuwa anazungumza. Vikombe vya ukoo ule vilikuwa vya mti, na vilichongwa. Kilichochongwa juu ya kikombe kilihesabiwa kuwa ahadi ya mkwe. Aliyeleta kikombe chenye kuku aliwaletea wakwe kuku kila mavuno; aliyeleta chenye jembe alimlimia mama mkwe shamba. Mkwe mmoja wa zamani alileta kikombe kilichochongwa nyumba, kwa kuvutiwa na urembo tu, akawajengea wakwe zake mpaka akaota mvi juu ya ngazi. Tangu hapo wenye busara walileta vikombe vya mistari mitupu, kwa maana mstari haudaiwi.

Jumamosi ilifika. Mahari iliyokwisha kuletwa ilikuwa tayari uani: mbuzi amefungwa kwenye bomba la maji, masufuria yamepangwa, blanketi la nyanya yake Bilonda limekunjwa. Sebuleni, juu ya viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, waliketi wazee wa Bilonda. Mzee Kalala, mtu wa maneno machache, alikuwa katikati. Kuliani kwake alikaa kaka yake Mbayo, amevaa koti la abakosti lililofungwa mpaka kooni, beji ya Chama kifuani. Kushotoni alikuwa dada yao Godelieve, ambaye serikali ilikuwa imemfutia jina hilo la ubatizo lakini yeye hakuwa na nia ya kuitikia lingine. Karibu na mlango, juu ya mkeka, aliketi Nyanya, mama yao wote watatu, aliyemlea Bilonda baada ya mama yake kufariki. Macho yake yalikuwa yamefifia lakini masikio yalibaki ya msichana.

Tshilombo akatoa hotuba. Aliwasalimu walio hai na waliokufa, akausifu mji, akaisifu migodi, akaanza kumsifu mbuzi, mpaka Godelieve akakohoa. Hapo ndipo alipokifunua kikombe, akakiweka mezani na kukijaza bia. Povu likapanda mpaka kwenye kidevu cha joka.

Mbayo alikuwa wa kwanza kuinama na kulichunguza, kwa kuwa katika mtaa ule hakuna kitu kilichoruhusiwa kueleweka kabla yake. Alilizunguka, akarudi kuketi, akatoa hukumu kwamba huyo ni chui, alama ya Chama. Tshilombo, aliyekuwa ameanza kutoka jasho, akaafiki haraka kwamba ndiye, chui kabisa. Godelieve akauliza ni lini chui alipata mabawa. Mbayo akamjibu, bila kucheka, kwamba katika nchi inayosonga mbele hata chui huota mabawa. Hakuna aliyethubutu kulipinga hilo, maana beji ilikuwa inawaka.

Nyanya akaomba aletewe kikombe. Alikipapasa kwa vidole, polepole, kuanzia mkiani. Alipofika kwenye magamba, uso wake ukakunjuka.

"Hii ni samaki," akasema. "Kalombo, mutoto yangu, Mungu akubariki. Kitu iko ku kikombe, njo mukwe anaahidi. Miye nilikuwa natamani makayabo, samaki ya chumvi, tangu Pasaka."

Kalombo akamgeukia Tshilombo. Tshilombo akaangalia dari. Ndipo kijana alipofahamu ni mtego gani walioubeba kwa mikono yao wenyewe na kuujaza bia.

Godelieve hakukubali hata kidogo. Alisema mama yake haoni vizuri, kwamba magamba yale hayakuwa ya samaki bali yalikuwa maua ya kitenge, tena kitenge cha daraja la kwanza, kijani, kilichokuwa kinauzwa sokoni karibu na kwa Kasimu. Kama wanataka, yeye anaweza kuwaonyesha duka. Nyanya akamwambia kwamba kitenge hakina mkia. Godelieve akamwambia kwamba samaki hana miguu. Mama na binti wakaendelea kubishana kwa heshima yote, huku kila mmoja akiuvuta mkono wa kikombe kwake, na bia ikatikisika.

Mbayo akawanyamazisha kwa kiganja. Alikwisha kumsahau chui. Alieleza kwamba kiongozi husoma mambo makubwa na kuwaachia wengine magamba. Mabawa, alisema, maana yake ni mwendo. Kitu cha mwendo anachohitaji mtu mwenye jukumu la kuzunguka mtaa ni kinga, yaani baiskeli, mpya, yenye taa. Na moto unaotoka mdomoni? Huo ulikuwa wazi zaidi. Kitu kinachotoa maneno mdomoni mchana kutwa bila kuchoka ni redio. Godelieve akanong'ona kwamba kama ni hivyo basi ahadi ni Tshilombo.

Tshilombo aliposikia jina lake akaona amepata mlango wa kutokea. Alisimama akacheka kicheko cha kukopa, akasema wazee wanamtukuza mno mnyama huyu, kwamba huyu hakuwa chui wala samaki, alikuwa mjusi tu, mjusi wa ukutani, na mjusi hana deni na mtu.

Heri angekaa. Godelieve akakirudisha kikombe mezani, akamtazama toka unyayoni hadi utosini.

"Mulikuya kuposa mutoto yetu na mujusi?"

Mbayo naye akaupata mwanya aliokuwa akiutafuta tangu asubuhi. Alifungua kifungo cha abakosti, jambo ambalo hulifanya mtu anayetaka kusema neno zito. Alieleza kwamba njia ni mbili. Ama mnyama huyu ni mkubwa, na ahadi yake ni kubwa, na itimizwe yote kwanza ndipo msichana atoke. Ama ni mjusi, na basi ukoo umetukanwa, kikao kimekwisha, mbuzi afunguliwe. Akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo lisilo na maana, kwamba yuko rafiki yake mmoja wa Chama ambaye kamwe asingeleta mjusi.

Macho yote yakamwangukia Kalombo. Maskini kijana, maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akisema mjusi, amempoteza Bilonda leo. Akisema mnyama mkubwa, atampoteza polepole, kati ya baiskeli na makayabo, huku yeye yuko bwenini Kisenge na pikipiki inanguruma mbele ya nyumba hii kila jioni. Alichagua kufa polepole.

"Haina mujusi, tata mukubwa," akasema kwa sauti ndogo. "Ni nyama mukubwa."

Mbayo akafunga kifungo chake. Alisema vizuri, vitu vikifika, watakutana tena, labda baada ya mvua. Kalombo alikitazama kikombe alichokipenda jana yake, akakichukia kwa moyo wote. Alitaka kulia, na kama si desturi ya wanaume kutolia mbele ya wakwe, angelia.

Mzee Kalala hakuwa amesema neno. Muda wote macho yake yalikuwa kwenye povu, lililokuwa likishuka kidogo kidogo. Sasa akajikohoza, akawakumbusha wenzake kwamba bado hawajamuuliza mtoto, na kikao ambacho binti hakuulizwa si kikao, ni mazungumzo ya watu wenye njaa. Mbayo akasema haina haja. Nyanya akasema haja ipo. Basi Bilonda akaitwa.

Alitoka jikoni, unga wa bukari bado mikononi. Kati ya jiko na sebule kulikuwa na dirisha lisilo na kioo, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumweleza kilichotokea. Alipiga magoti mbele ya baba yake kama inavyompasa binti, hakumtazama Kalombo, akakivuta kikombe karibu na kukigeuza pande zote. Kisha akamuuliza Mbayo kwa adabu kama ni kweli kwamba kila kilichoko juu ya kikombe ni ahadi. Mbayo akajibu kwamba ni kweli.

"Yote, tata mukubwa, ao kipande tu?"

Hapo Mbayo aliliona jambo zuri: msichana mwenyewe yuko upande wa haki. Akasema yote. Godelieve, aliyeogopa magamba yake yasiachwe nje, akasema yote bila kupunguza. Nyanya akasema kutoka kichwani mpaka mkiani. Mbayo akamalizia kwamba ahadi ni mnyama mzima, hapungui hata ukucha, na yeye ni shahidi.

"Muzima," akarudia Bilonda, kama mtu anayejifunza neno jipya. "Nyanya, kule kwenu Kasai, ulionaka nyama kama hii?"

Nyanya, ambaye hakuwa mwongo ila palipokuwa na samaki, akakiri kwamba hakuwahi. Bilonda akamgeukia shangazi yake: je, mto Lualaba, sokoni, popote? Godelieve akasema hapana. Mbayo alipoulizwa alitafakari, maana kiongozi kusema hajui ni kazi, lakini mwishowe akatamka kwamba hata Kinshasa, alipokwenda kwenye mkutano, hakumwona.

"Basi mu dunia iko moja tu, njo hii," akasema Bilonda. "Mulisema mukwe anaahidi nyama hii, muzima, na mukia, na moto yake. Kalombo alishakuileta. Iko hapa ku meza. Kitu gani inabakia?"

Tshilombo alifungua mdomo, na kwa bahati njema, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaufunga bila kutoa kitu. Nyanya alianza kutikisika mabega; ilichukua muda kabla watu hawajatambua kwamba ni kicheko. Godelieve alihesabu magamba kwa macho, moja moja, akaona kweli yote yamefika, akapigwa na butwaa.

Mbayo peke yake hakucheka. Alisema huyu mtoto anavuta maneno kwake.

"Njo vile, tata mukubwa," akajibu Bilonda, bado amepiga magoti. "Kila mutu alivuta, mi niliwasikia ku dirisha. Mi njo naolewa. Munataka nivute kwa nani?"

Kisha akakiinua kikombe kwa mikono miwili, akamwekea baba yake mikononi, akasema kunywa, tata. Na mzee Kalala akanywa. Alikunywa bila haraka, akitazamana na joka uso kwa uso, na hakuna hata mmoja wao aliyeogopa. Alipokishusha kikombe na kujifuta povu masharubuni, Mbayo akamuuliza kwa uchungu kwa nini amekimbilia kunywa kabla mambo hayajachunguzwa. Yeye kama mwenye nyumba, alikuwa ameona nini juu ya kikombe kile?

"Miye sikuangalia inje," akasema mzee Kalala. "Niliangalia mundani. Mulikuwa bia."

Nyumba ikalipuka kwa vicheko, na hata kifungo cha Mbayo kikafunguka. Karatasi ya ndoa, ile ya kuonyesha Kisenge ili wapewe nyumba, ilitiwa sahihi jioni ileile. Jumatatu asubuhi ukoo mzima ulikwenda stesheni kuwasindikiza, na huko kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Mbayo aliwaeleza abiria kwamba ni yeye aliyeweka sharti la mnyama mzima, na bila sharti hilo ndoa isingepita. Godelieve alisema ni yeye. Kasimu, aliyefika kupakia magunia, aliposikia habari hizo aliapa kwamba aliwaambia mapema kabisa kuwa kikombe kile kina baraka, na akauliza kama kuna mwingine anayeoa.

Treni ilipopita nyumba za mwisho za Kolwezi na vumbi jekundu likaanza kutulia dirishani, Kalombo akapata nafasi ya kuuliza swali lililokuwa likimkereketa tangu Jumamosi. Alimuuliza mkewe: kama juu ya kikombe kungechorwa mbuzi, au kuku, au kitu kingine ambacho kila mtu anakijua, angefanya nini?

Bilonda alifikiri kidogo. "Ningetafuta njia ingine," akasema. "Wale bote balikuwa navuta kikombe. Mi nilikuwa nakuvuta we."

Kalombo alimshika mkono mkewe, akageuza uso dirishani asimwone akilia kwa furaha, mpaka treni ikafika kituo kilichofuata. Ama kweli, waliosema hawakukosea: mwamba ngoma huvutia kwake.